Kukaza Kilicho Laini

Kuna neno moja ambalo nimelisoma mara nyingi mno katika taarifa za tathmini ya walimu wanafunzi, nalo ni neno "laini". "Darasa lake ni laini." "Mwanachuo huyu ni laini, akazwe." Katika miaka zaidi ya thelathini niliyokaa katika ualimu, kwanza shuleni na baadaye chuoni, sikumbuki kumwona mtathmini aliyeeleza ukazaji huo ufanyike vipi. Ilichukuliwa kwamba kila mtu anajua. Kilicho laini hukazwa, kama vile kilichochafuka huoshwa. Swali ninalotaka tulitazame, ndugu msomaji, ni hili: kitu kinapokubali kushuka upesi kuliko tunavyotaka, je, dawa yake ni ugumu? Na kama ni ugumu, ni ugumu wa namna gani?

Nitaomba uvumilivu wako, maana nitalijibu kwa njia ya pembeni. Nitapitia kwenye shokapu za mbele za pikipiki. Tena si pikipiki hizi zinazotubeba kwenda sokoni, bali za mchezo ambao huku kwetu haujulikani sana, ambao Waingereza huuita trial, yaani majaribio.

Katika mchezo huo hakuna mbio. Mashindano mengine ya pikipiki hupimwa kwa saa. Haya hupimwa kwa miguu. Njia hupita juu ya majabali, ndani ya vijito, katika mizizi na tope linaloteleza, nayo imegawanywa katika vipande vifupi, kila kipande na mwamuzi wake. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio na kwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mara nyingine polepole zaidi. Akigusa chini kwa mguu mara moja anaandikiwa pointi 1. Mara mbili, 2. Mara tatu au zaidi, 3. Akianguka au akitoka nje ya mipaka anaandikiwa 5. Mwenye pointi chache kuliko wote ndiye mshindi. Huko Scotland, kila mwaka mwezi Mei, watu hukusanyika Fort William kushindana kwa siku sita mfululizo milimani, na mashindano hayo yana mizizi yake kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni huko ambako mwaka 1965 Sammy Miller, mtu wa Belfast, alishinda akiwa juu ya Bultaco ndogo ya Hispania, na tangu hapo pikipiki nzito za Kiingereza hazikupata tena heshima yake ya zamani katika mchezo huo.

Nilipelekwa Leeds kwa masomo ya mwaka mmoja, 1984 hadi 1985. Jirani wa nyumba niliyopanga alikuwa muuza nyama, mtu mnene mwenye maneno machache, na alikuwa na Bultaco kuukuu aliyoiendesha Jumapili katika vilima vya Yorkshire. Jumamosi mchana nilikuwa naye kibandani mwake, nikimshikia taa na kumpokeza spana. Nisiseme uongo: kilichonivuta kwanza si pikipiki bali jiko la mafuta ya taa lililokuwa humo, kwa kuwa chumba changu kilikuwa baridi kama kaburi. Lakini mtu akikaa karibu na ufundi kwa muda, ufundi humwingia.

Pikipiki ile ilikuwa laini mbele. Akishuka ukingoni mwa jabali pua ilizama mpaka chuma kikagongana na chuma. Akitaka kuinua gurudumu la mbele, nguvu ya mikono yake ilimezwa kwanza na springi kabla ya gurudumu kunyanyuka. Kila mtu aliyekutana naye uwanjani alimpa ushauri, na ushauri wa wote ulikuwa na neno moja: kaza. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba neno hilo moja lina kazi zaidi ya tatu ndani yake, na kwamba kazi hizo hazifanani hata kidogo.

Kazi ya kwanza, na rahisi kuliko zote, ni kuweka kipande cha bomba juu ya springi, ili springi ianze ikiwa imebanwa tangu mwanzo. Pikipiki husimama juu zaidi, na macho hufurahi. Lakini hebu tupige hesabu ndogo. Tuseme springi mbili za mbele kwa pamoja zinadai kilo 1 ili zishuke milimita 1. Uzito wa mtu na pikipiki unaoangukia mbele ukiwa kilo 50, zitashuka milimita 50. Ukiweka kipande cha milimita 20, zitashuka 30 tu. Vizuri. Ila kuanzia hapo, kila kilo moja inayoongezeka itazishusha milimita moja ile ile, kama zamani. Hujazipa springi nguvu mpya. Umebadilisha mahali pa kuanzia, na umechuma kilo zako 20 za ziada mwisho wa safari. Kazi ya namna hii naifahamu sana katika ualimu. Ni yule mwalimu anayeambiwa asitabasamu mpaka likizo ya kwanza ipite. Anaanza juu, uso umekunjwa, na watoto wanakaa kimya wiki mbili. Wiki ya tatu wanaanza kumpima, na wanakuta kwamba kwa kila msukumo anashuka vile vile kama wenzake. Sisemi haina faida. Mtu aliyezama mno tangu asubuhi anahitaji kuinuliwa kidogo ili awe na nafasi ya kushuka. Lakini tusiite hiyo nguvu.

Kazi ya pili ni mafuta mazito, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo inayodanganya watu wengi.

Ndani ya shokapu mna mafuta, na mafuta hayo hulazimishwa kupita katika matundu madogo kila shokapu inaposhuka au kupanda. Yakiwa mepesi hupita upesi. Yakiwa mazito hupita kwa taabu. Ukimimina mafuta mazito, kisha ukasimama kibandani na kubonyeza usukani kwa nguvu, utahisi ugumu, na utasema tatizo limekwisha. Muuza nyama yule alifanya jaribio moja lililonishangaza. Alimwaga mafuta ya zamani, akatia mazito, akafunga uzi kwenye mti wa shokapu kuonyesha mahali ilipofika, akapanda, akatulia tuli. Uzi ulisukumwa mpaka pale pale ulipokuwa jana yake. Ilichukua muda kidogo zaidi kufika, basi. Mafuta hayabebi mzigo. Mafuta hubishana na haraka tu. Uzito unaobonyeza polepole huyapita bila kuulizwa neno.

Na juu ya mawe ikawa mbaya zaidi. Gurudumu likigonga jiwe linatakiwa lipande mara moja. Mafuta yakalikatalia, na kishindo chote kikaingia viganjani mwa mwendeshaji. Kisha kabla springi haijarudi juu jiwe la pili likafika, halafu la tatu, na kila mara shokapu ilikuwa chini zaidi kuliko mara iliyotangulia, kwa kuwa mafuta yale yale yalizuia pia kurudi. Mwisho pikipiki ikawa ngumu na ya chini kwa wakati mmoja. Nani angefikiri kwamba kitu kinaweza kuwa kigumu mno na kudidimia mno kwa sababu moja?

Nimeitafakari sana hali hiyo tangu siku ile, kwa maana nimeishi ndani yake. Nilifanya kazi kabla ya kuwa mkuu wa chuo katika taasisi moja ambayo mwanachuo aliyetaka ruhusa ya kwenda msibani alihitaji saini nne. Ofisi ya kwanza ilifunguliwa saa nne, ya pili ilikuwa na mtu aliyekuwa safarini, na kadhalika. Wageni walisifu: chuo hiki kina nidhamu, hakuna ovyoovyo hapa. Lakini tazama ni nani aliyezuiwa. Aliyezuiwa ni binti aliyepata habari asubuhi kwamba baba yake amefariki na maziko ni kesho. Haja yake ilikuja kwa kishindo, na mfumo ulibishana na kishindo. Wakati huo huo kijana aliyetaka kuhamishiwa somo jepesi, ambaye mjomba wake alipita ofisini leo, akapiga simu juma lijalo, akaja na salamu mwezi uliofuata, alipata alichotaka bila mtu yeyote kukumbuka ni lini kilikubaliwa. Alibonyeza polepole. Huo ndio ukali wa mafuta mazito: humuumiza mwenye dharura na humpisha mwenye subira na jamaa. Naona ajabu kwamba bado tunauita msimamo.

Kazi ya tatu ni kubadilisha springi yenyewe. Springi inayodai kilo 1.2 kwa kila milimita ni kitu kingine kabisa. Kwa zile kilo 50 itashuka milimita 42 hivi, nayo itaendelea kudai zaidi kwa kila hatua, kiasi kwamba mwisho wa milimita 170 imebeba kilo 204 mahali ambapo ya kwanza ilibeba 170. Lakini haikatai jiwe. Gurudumu linapanda, linalipa gharama ya kupanda, na linarudi. Nguvu hii haina ghadhabu, haina ghafla. Inajulikana kabla, na inalingana na kilichosukuma.

Lakini springi ngumu kiasi gani? Hapa watu wawili hawawezi kupewa jibu moja. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipoeleza kuwa wema hukaa katikati ya kuzidi na kupungua, alitahadharisha kwamba katikati hiyo haipatikani kwa kugawa hesabu mbili nusu kwa nusu. Alitoa mfano wa chakula: kinachomtosha Milo, mpiganaji mieleka mashuhuri, kitamzidia mtu anayeanza mazoezi. Hali kadhalika springi inayomfaa muuza nyama wa kilo 100 itamtupa nje ya njia kijana wa kilo 60, kwa kuwa kwake gurudumu halitashuka kulishika jiwe bali litaruka juu ya jiwe kama mpira. Jirani yangu alipima mara tatu kwa uzi wake kabla hajatoa senti mfukoni. Sijapata kuona mtathmini wa walimu aliyepima mara tatu.

Nimesema kuna jambo halisi katika swali hili, na sasa nilitaje. Mwaka 2004 alikuwapo mwanachuo mmoja ambaye sitamtaja jina. Alikuwa kijana mwembamba, sauti ya chini, mwenye kipaji ambacho sikukiona tena kwa mwingine: mtoto akikosea hesabu, yeye aliweza kumuuliza maswali mawili tu na mtoto mwenyewe akagundua alipopotea. Darasa lake lilikuwa na kelele. Si kelele za fujo zote. Nyingine zilikuwa kelele za kazi, ila nyingine kwa hakika zilikuwa za fujo, na nyuma kulikuwa na wavulana watatu waliokuwa wakicheza. Mtathmini wake kutoka nje ya chuo, mtu mwenye cheo, aliandika "laini mno" na akamwita pembeni akamwonyesha fimbo iliyokuwa ukutani. Nilikuwapo, nikapinga papo hapo, na tukabishana mbele ya ubao mpaka kengele ikalia. Hoja yangu ilikuwa ya sheria kwanza: Kanuni za mwaka 2002 zilikuwa zimeshusha viboko visizidi 4, na aliyeruhusiwa kuvitoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, tena viandikwe kitabuni. Mwanafunzi wa ualimu hakuwa miongoni mwao. Mtathmini alinijibu kwamba kanuni ni kanuni na darasa ni darasa.

Kijana alimsikiliza mwenye cheo, kama ambavyo vijana hufanya wanapohitaji alama. Katika majuma matatu darasa lilinyamaza. Alama zake zilipanda. Na maswali yake mawili yakafa. Mtoto aliyekosea hakuthubutu tena kuonyesha kosa lake, na kosa lisiloonyeshwa haliulizwi. Alihitimu, akapangiwa shule, na baada ya miaka mitatu akaacha kazi. Leo ana mashine ya kusaga huko kwao. Tumekutana mara mbili. Hana uchungu. Mimi ninao.

Je, nilitaka aachwe kama alivyokuwa? La. Wavulana watatu wa nyuma walikuwa wakiiba saa za wenzao arobaini, na huo nao ni udhalimu. Wapo wanaopenda kusema kwamba upole wenyewe unatosha, sikubaliani nao. Upole unaozama mpaka chuma kigonge chuma humtupa mwendeshaji kama ugumu unavyomtupa. Kijana yule alikuwa laini kweli mahali pamoja, ila kwa sababu tulikuwa na neno moja tu la ugonjwa na neno moja la dawa, alikazwa kila mahali, pamoja na pale ambapo ulaini wake ndio uliokuwa ufundi wake.

Kuna jambo ambalo fundi yeyote wa springi analijua nalo linapingana na fikra za kawaida: springi hukazwa kwa kuikata. Springi yenye mizunguko 50 ukiipunguzia 10, ile 40 iliyobaki inakuwa ngumu zaidi kwa robo nzima, kwa kuwa kushuka kule kule kunagawanywa kwa mizunguko michache na kila mmoja unalazimika kujipinda zaidi. Nafasi iliyobaki unaijaza kwa bomba. Nilipokabidhiwa chuo, nilikuta ubaoni orodha ya amri 43, mojawapo ikihusu urefu wa kucha, nyingine ikihusu namna ya kubeba ndoo. Tulizifanya 9. Wakufunzi wengine waliona ninalegeza. Lakini amri 43 hakuna anayeweza kuzisimamia zote, hivyo kila moja ilikuwa ikishuka ikiguswa. Zile 9 tulizisimamia kila siku, kwa mtoto wa mkubwa na kwa mtoto wa mkulima. Walakini fundi huyo huyo atakuonya usizidishe. Ukikata mno, springi ikibanwa mizunguko yake itagusana kabla safari haijaisha, na hapo unayo nondo, si springi. Tena iliyokatwa hairudi.

Sasa kuna pingamizi ambalo ningependa kulikabili, maana msomaji mwenye akili ameshaliona. Springi haiumii, haikumbuki, wala haihitaji kuelezwa kwa nini. Mwanadamu anahitaji. Ukimwambia mtoto "hapana" pamoja na sababu yake, sababu ile hubaki na kufanya kazi hata ukiwa umetoka darasani, jambo ambalo chuma hakijui. Kwa hiyo mfano wangu unachechemea mguu mmoja, nami nakubali. Lakini naona mguu wa pili ni mzima. Aristotle huyo huyo, alipofika kwenye haki, alikumbuka waashi wa kisiwa cha Lesbos waliotumia kipimo cha madini ya risasi, kilichopinda kufuata umbo la jiwe badala ya kulilazimisha jiwe lifuate kipimo. Alisema kwamba hakimu mwema huitumia sheria namna hiyo, kwa kuwa sheria huandikwa kwa ujumla na matukio hayaji kwa ujumla. Nikisoma hapo huwa naona gurudumu la mbele la jirani yangu likipanda jabali: limeshika kila pembe ya jiwe, na bado halijaacha njia. Risasi ile ilipinda, lakini haikuacha kuwa kipimo.

Linalonisumbua zaidi ni pingamizi jingine, nalo nimeletewa na kijana wa bodaboda ambaye hunichukua kwenda kliniki. Shokapu zake za mbele zilikuwa zikizama, akapeleka kwa fundi, fundi akamtilia mabomba na springi ngumu za kutoka pikipiki nyingine. Siku akibeba magunia mawili ya mahindi, anasema, chombo kinatulia vizuri kabisa. Siku akiwa peke yake barabara ya makorongo inamrusha mpaka mikono inakufa ganzi. "Sasa mzee," aliniuliza, "wewe ulikuwa mwalimu, niikaze ya magunia au niilegeze ya kwangu?"

Mwendeshaji wa Yorkshire alikuwa na uzito mmoja tangu Januari mpaka Desemba, akapima, akachagua, akamaliza. Mwalimu hana uzito mmoja. Jumatatu anaingia darasa lililoshiba, Alhamisi anaingia lile lile likiwa na njaa. Mwaka huu ana watoto 40, mwakani ana 110. Nilimwambia kijana arudi kwa fundi amwekee springi za asili, mpya lakini za asili, kisha apunguze gunia moja. Alicheka sana. Akaniambia gunia moja halilipi mafuta.